Kile kichuma kinachoshika sufuria

Leo siasa tuziweke kando kidogo, tuingie jikoni. Nataka kuandika historia ya kitu ambacho hakina hata jina la kueleweka. Nakizungumzia kile kichuma kinachokaa juu ya mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, ambacho kazi yake pekee ni kushika sufuria. Wengine wanakiita stendi, wengine wanasema tu "kile cha juu". Kina vidole vitatu au vinne, kinang'aa siku ya kwanza, na kama umewahi kusongea ugali wa watu sita juu yake huhitaji nikueleze zaidi.

Kwa ambaye hajawahi, mambo yanakwenda hivi. Maji yanachemka vizuri tu, tena haraka. Unakoroga uji, bado mambo shwari. Kasheshe linaanza unga wa pili ukiingia. Mwiko unakuwa mzito, unaukandamiza ugali kwenye ukuta wa sufuria, na sufuria inaanza kuzunguka. Ukiishika kwa kitambaa isizunguke, inateleza. Ukiizuia isiteleze, mtungi wenyewe unainuka upande mmoja. Hapo ndipo unaona mtu mzima anazima gesi, anateremsha sufuria sakafuni, anaibana kwa miguu na kumalizia kazi chini. Ugali unapoa nusu, unarudishwa juu "uive", unaungua chini. Sasa jamani, hilo ni jiko au mtihani?

Kosa si la mpishi, kosa limo kwenye umbo la kitu chenyewe. Tazameni mambo matatu.

Kwanza ni kimo. Mtungi ukiwa sakafuni, sufuria inakuwa usawa wa goti au juu kidogo. Ni juu mno kwa aliyekaa kwenye kigoda, na chini mno kwa aliyesimama. Ukiuweka mezani, sufuria inafika kifuani na mikono haina nguvu tena. Ugali unasongwa kwa uzito wa mwili unaotoka juu kushuka chini, si kwa viganja.

Pili ni upana. Vidole vya kile kichuma vinaishia karibu na katikati ya sufuria kubwa. Nguvu yoyote inayotua nje ya vidole hivyo inakuwa kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya benchi, upande wa pili lazima unyanyuke. Na aluminiamu laini juu ya chuma laini hutegemei ishike.

Tatu, na hili ndilo linalonichekesha na kuniudhi kwa pamoja, ni uzito. Chukua unga kilo 2 na maji lita 4. Hizo ni kilo 6 bila kuhesabu sufuria yenyewe. Na gesi iliyomo ndani ya mtungi ni kilo 6 zile zile. Kwa hiyo gesi inavyopungua, chini kunakuwa kwepesi wakati juu mzigo ni ule ule. Mtungi ukikaribia kuisha, ndipo unapokuwa tayari zaidi kuanguka.

Tumefikaje hapa? Turudi nyuma.

Babu wa hicho kichuma ni mafiga. Mawe matatu, basi. Wahenga wakasema figa moja haliinjiki chungu, na sisi tunaitumia methali hiyo kwenye hotuba za ushirika na harusi, tukisahau kwamba mle ndani mna ufundi mtupu. Kitu kikisimama kwenye ncha tatu hakitikisiki, hata ardhi iwe na mabonde. Ncha nne zinataka sakafu iliyosawazishwa. Halafu mafiga yanasogezwa. Chungu kikubwa unayatanua, chungu kidogo unayabana. Chungu chetu cha udongo kilikuwa na kitako cha mviringo, kwa hiyo kilizama kidogo katikati ya mawe na kukaa kama yai kwenye kiota. Tena yako chini kabisa, na mpishi yuko juu ya chakula chake.

Tulikuwa tunasonga ugali wa mtama na uwele kabla ya mahindi. Mahindi yalitoka Amerika, yakaletwa pwani yetu na Wareno, na yakachukua muda mrefu kuwa mfalme. Kwa upande wa Tanga kuna sababu moja ya wazi iliyoyasukuma. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg, na inaelezwa kuwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutoka hapo yakaja mashamba ya Pangani, Muheza, Korogwe. Vibarua waliletwa kutoka mbali, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda hadi ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU. Vibarua hao walipewa posho, na posho ilikuwa hasa unga wa mahindi. Kwenye kambi za mkonge, ugali haukuwa chakula cha hiari. Ndicho kilichokuwepo, na ulipikwa mwingi, kwenye masufuria makubwa.

Sufuria nayo ina habari yake. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu na linahusiana na shaba. Ya aluminiamu ilipoenea, chungu kilianza kurudi nyuma. Sufuria ni nyepesi, haivunjiki, inachemka haraka. Lakini ina kitako bapa na haina mikono. Chungu kilishikwa na mafiga pamoja na uzito wake chenyewe, wakati sufuria inategemea kile kilicho chini yake. Tangu siku hiyo swali la nani anaishika sufuria likawa swali kweli kweli.

Likaja jiko la mkaa la bati. Inaelezwa kuwa mfano wake uliletwa na mafundi wa Kihindi waliokuja kujenga reli ya Mombasa kwenda Uganda, iliyoanza 1896. Mafundi wetu wakaliiga kwa vyuma chakavu. Ni jiko linalokula mkaa kama gari bovu linavyokula mafuta, kwa sababu bati linatoa joto pande zote. Lakini liangalieni vizuri. Ni fupi, kitako chake ni kipana, na juu lina masikio matatu ya bati yanayoshika sufuria. Matatu! Fundi wa bati hakwenda chuo kikuu, ila alikula ugali jana yake.

Upande wa pili wa dunia, mwaka 1892, huko Stockholm, Msweden Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza jiko la mafuta ya taa la kupampu lisilotoa masizi. Ndilo Primus. Linahitaji spiriti kuliwasha na sindano kuzibua tundu, na likikataa, limekataa. Juu lina duara la chuma lililosimama kwenye miguu myembamba mirefu. Roald Amundsen alikwenda na Primus hadi Ncha ya Kusini mwaka 1911. Mwaka 1953 zilikuwepo kwenye msafara uliofika kilele cha Everest. Hongera zao. Ila nawaulizeni, kule walikuwa wanapika nini? Walikuwa wanayeyusha theluji wapate chai na supu. Hakuna aliyesonga kitu. Jiko lililofaulu Ncha ya Kusini linaweza kabisa kufeli Kabuku.

Baadaye likaja lile la tambi, ambalo wengi tulilijua kama jiko la Mchina. Tambi zimepangwa duara, kuna kishikio cha kuzipandisha na kuzishusha, na moja lazima itumbukie ndani ya tangi siku una wageni. Ukilizima kwa kupuliza, nyumba nzima inanuka hadi asubuhi. Kile kichuma cha juu kilikuwa kimeegeshwa tu, hakijafungwa, kwa hiyo ukisonga kinasafiri pamoja na sufuria. Jiko hilo halikuuawa na ubaya wake. Liliuawa na bajeti. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita ili kukomesha uchakachuaji, maana watu walikuwa wanayachanganya kwenye dizeli. Wachakachuaji wakaguswa, lakini na wapangaji wa chumba kimoja nao wakaguswa. Wengi walirudi kwenye mkaa.

Wakati huo wataalamu nao hawakulala. Mwaka 1976, baada ya tetemeko la ardhi Guatemala, lilibuniwa jiko la tope na mchanga lililoitwa Lorena, jina lililounganishwa kutoka maneno ya Kispanyola ya tope na mchanga. Wazo likasambaa hadi Afrika. Senegal walikuwa na lao, Ban ak Suuf, tangu 1980. Kwa upande wa kushika sufuria, Lorena lilikuwa safi sana. Sufuria inazama kwenye tundu lake, wala haiendi popote. Tatizo ni kwamba tundu limekatwa kwa sufuria moja. Ukinunua sufuria nyingine, ama inapwaya na moshi unatoka pembeni, ama haiingii. Na vipimo vya miaka ya 1980 vilionyesha kuwa lile tope zito lilikuwa linajipasha moto lenyewe kwanza. Mara nyingi halikuokoa kuni kuliko mafiga, na wakati mwingine lilikula zaidi.

Kisa kinachonipa moyo ni cha Nairobi. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa nishati mbadala mjini humo, na majiko yakawa gumzo. Maxwell Kinyanjui na wenzake wakatazama jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo ndani, pana juu na jembamba chini kama ndoo yoyote. Lakini jiko lililokuja kuenea Kenya halina umbo la ndoo. Lina kiuno. Juu limetanuka, katikati limebanwa, na chini limetanuka tena likae imara. Udongo wa kuchoma umewekwa nusu ya juu tu, na juu kabisa kuna vishikizo vitatu vya sufuria. Maoni ya akina mama waliolitumia na ya mafundi wa mabati, wakiwemo wa Shauri Moyo, yaliingia ndani ya umbo lile. Kwetu wazo hilo likaja mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la jiko bora, na mashirika kama TaTEDO yakaliendeleza. Leo ukipita gulioni unalikuta, mtu analinunua bila kujua lina historia. Kwangu hiyo ndiyo alama ya kitu kilichobuniwa vizuri. Hukisikii.

Sasa tuje kwenye gesi.

Kampuni ya Kifaransa ya Camping Gaz ilianza mwaka 1949, na jina lake linasema kila kitu. Kijiko kidogo kinakaa moja kwa moja juu ya mtungi, bila mpira, bila meza. Unaingiza kwenye gari unakwenda kulala kwenye hema, unachemsha kahawa na kukaanga mayai. Kwa kazi hiyo ni kitu kizuri sana. Mitungi yetu midogo yenye kichwa cha moto juu ni wazo lile lile. Sisi tumelichukua jiko la matembezi ya wikendi tukalifanya jiko la familia, na ugali ukiwa ndani yake.

Msinielewe vibaya. Mimi si adui wa gesi. Serikali imekuwa ikitaja vifo vya Watanzania wapatao 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa kupikia. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Siku sita baadaye alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukipeleka mitungi ya kilo 6 vijijini kwa bei ya ruzuku, pamoja na kichwa chake na kile kichuma chake. Ni jambo jema, nalisema bila kigugumizi.

Ila nendeni Kabuku. Kwa wasiopajua, ni ule mji mdogo wa Handeni kwenye barabara ya Chalinze hadi Segera, ukishapita Mkata. Mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha yanapita pale usiku na mchana. Pembeni mwa barabara hiyo ndipo magunia ya mkaa yalipopangwa, na matajiri wa mjini wanasimamisha magari kupakia. Shangazi yangu anaishi ndani kidogo kutoka barabarani. Mtungi anao. Nilipomtembelea ulikuwa sebuleni, umefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani. Nikamuuliza, shangazi, kulikoni?

"Huo wa chai, mwanangu," akasema. "Na wa kupashia mboga."

"Na ugali?"

Akanicheka. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Mafiga matatu, moshi, macho mekundu. Akaniambia alijaribu gesi mara tatu. Mara ya tatu sufuria ilipinduka, uji wa moto ukamwagikia mguuni mwa mjukuu wake. Kovu nililiona. Tangu hapo akaamua kila kitu na kazi yake. Maharage, makande na ugali ni kuni. Chai ni gesi.

Kwenye karatasi shangazi yangu amehesabiwa kuwa ana nishati safi. Lakini pumzi zake ziko kwenye ugali, na ugali uko kwenye moshi. Ndiyo, bei ya kujaza mtungi inachangia, sikatai, na maharage yanamaliza gesi kweli. Ila ugali hauchukui muda mrefu motoni, na kwa hesabu ya gesi ungefaa sana. Kinachomrudisha nyuma ya nyumba jioni kwa jioni ni vipande vichache vya chuma vilivyokaa vibaya.

Na dawa si ngumu. Wenzetu Kenya, ambako mtungi huu mdogo wanauita meko, wanauza fremu za chuma zinazouzunguka mtungi mzima. (Tena meko ndiyo wingi wa zamani wa jiko. Neno la mafiga limehamia kwenye gesi, mwaonaje hiyo!) Fremu ina miguu mipana inayokanyaga sakafu, na sufuria inakaa juu ya fremu badala ya kukaa juu ya mtungi. Uzito na nguvu ya mwiko vinateremka moja kwa moja ardhini. Mtungi unabaki na kazi yake ya kutoa gesi. Ni mafiga yale yale, yamekuwa marefu tu.

Tulimchorea fundi wa kuchomelea pale barabarani. Hakuuliza maswali mengi. Aliuliza mawili: "Sufuria yake kubwa ina upana gani?" na "Anasonga amekaa au amesimama?" Akatumia nondo. Miguu mitatu imetanuka chini, juu duara lenye meno matatu yanayoelekea ndani ili hata sufuria ndogo isitumbukie. Halafu mtungi wenyewe tukaushusha kwenye sehemu ya chini ya sakafu ili sufuria ije kwenye kimo cha kigoda chake. Gharama haikufika nusu ya bei ya kujaza mtungi. Shangazi alisonga ugali wa kwanza akiwa amenuna, kama mtu anayesubiri kitu kianguke. Hakikuanguka. Wa pili alisonga akiwa anaongea na jirani.

Maswali yale mawili ya fundi ndiyo ninayotaka tuyapeleke juu. Tunaingiza bidhaa, tunazipima kama zinavuja, kama chuma ni kinene, kama moto ni wa buluu. Vizuri, vipimo hivyo vinaokoa maisha. Lakini ni nani amewahi kuweka sufuria ya ugali wa kilo 2 juu ya hicho kichuma kabla ya kusaini zabuni? Wakae mezani waheshimiwa, mtungi uwe katikati, mwiko utolewe, kila mmoja asonge zamu yake. Nadhani nusu ya mitungi ingerudi ikiwa na miguu.

Wazee wetu wakisema kijana "kapata jiko" walimaanisha kaoa. Siku hizi tunalicheka neno hilo, na pengine ni sawa tulicheke, kwa kumfanya mwanamke na jiko kuwa kitu kimoja. Ila lina ukweli mmoja mchungu. Kwa miaka mingi sana jiko bovu limeonekana kuwa tatizo la mpishi, na mpishi alikuwa mwanamke, basi likawa tatizo la mtu asiyeulizwa. Akiunguza ugali, hajui kupika. Sufuria ikipinduka, hakuwa makini. Hakuna anayesema kichuma hiki kimebuniwa na mtu ambaye hajawahi kusonga.

Wenye mitungi sebuleni iliyofunikwa vitambaa, ifunueni. Tafuteni fundi wa nondo, mpelekeeni kipimo cha sufuria yenu kubwa. Na wenye mamlaka ya kununua mitungi kwa maelfu, ongezeni miguu mitatu kwenye zabuni. Ni chuma kidogo tu.

Naomba kuwasilisha.